Baba kakutwa na funza kwenye kidonda cha kisukari: tuwaache wale uozo au tuwatoe?

SWALI: Dokta shikamoo. Baba yangu ana kisukari cha muda mrefu na ana kidonda chini ya unyayo karibu na dole gumba, kimegoma kupona miezi sasa. Jana dada alipofungua bandeji tukakuta funza wanatembea ndani. Mama amelia sana, anasema tumemtelekeza mzee. Mimi nikaingia mtandaoni nikakuta kuna hospitali wanaweka funza makusudi kusafisha vidonda na watu wanaepuka kukatwa mguu. Sasa hawa waliojileta wenyewe tuwaache wamalize uozo? Na hao wa hospitali wana tofauti gani, wanauma? Inaweza kumsaidia baba?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa kuuguza, mama naye mpe pole. Nianze na lile la haraka maana halitakiwi kusubiri umalize kusoma: hao funza waliojileta watolewe, na mzee apelekwe hospitali leo au kesho asubuhi. Akiwa na homa, au mguu umevimba na wekundu unapanda juu, au anaongea vitu havieleweki, au sukari imepanda haishuki, basi ni leo hii hii hata kama ni usiku wa manane.

Ila ulichosoma ni kweli. Funza wanatumika kutibu vidonda, kwa cheti cha daktari, kwenye hospitali zenye heshima zake, na mimi kazi yangu ni vidonda na ni mmoja wa wanaoiamini sana hii tiba, kwa hiyo usidhani nakwambia watolewe kwa sababu ya kinyaa. Nakwambia watolewe kwa sababu hujui ni nani hao waliomo humo.

Manake funza ni watoto wa nzi, na nzi hawafanani tabia. Anayetumika hospitali mara nyingi ni yule nzi wa kijani anayemetameta, jina lake la kisayansi Lucilia sericata, na buu wake akiwekwa kwenye kidonda cha binadamu anapendelea nyama iliyokufa na ile hai anaiacha. Lakini kuna nzi wengine kama Chrysomya bezziana, huyu yupo Afrika na Asia, na binamu yake wa bara la Amerika anaitwa Cochliomyia hominivorax, hawa mabuu yao yanakula nyama hai, yanachimba kwenda chini na kidonda kinazidi kuwa kikubwa. Kwa macho huwezi kuwatofautisha, funza mweupe ni funza mweupe tu, wataalamu wa wadudu wenyewe huwa wanamweka kwenye hadubini waangalie vile vitundu vya kupumulia vilivyoko mkiani ndo waseme ni wa nzi gani. Hata huyo Lucilia tunayemsifia, kwa kondoo ni balaa, anataga kwenye manyoya yaliyolowa na mabuu yanamla mnyama akiwa hai. Kwa hiyo hata ukibahatisha aina nzuri bado wanaotumika hospitali ni koo zilizochaguliwa na kulelewa vizazi na vizazi, watu wanajua tabia zao.

Alafu kuna suala la uchafu. Nzi aliyetaga kwenye kidonda cha mzee hujui alitoka kutua wapi kabla, kwenye choo au kwenye mzoga, na miguu yake imebeba yote hayo. Hili nitalirudia chini kwenye historia maana kuna wagonjwa waliumia ndo watu wakajifunza.

Sasa mkiwa bado nyumbani fanyeni hivi na msizidishe. Nawa mikono, vaa glavu kama zipo, mwagia kidonda maji ya chumvi ya hospitali au kama hamna maji safi yaliyochemshwa yakapoa, mwagia mengi taratibu, wale wa juu watatoka na maji. Wale unaowaona na wanashikika toa kwa kibano kisafi bila kuwavuta kwa nguvu wala kuwakata, waliozama ndani waache watolewe hospitali huko kuna vifaa. Kisha funika kwa gozi safi, funga, ondokeni. Msimwagie mafuta ya taa, petroli, dawa ya kuua wadudu, jiki wala spiriti. Najua watu wanafanya hivyo kwa nia njema na funza wanakufa kweli, ila nyama ile changa iliyokuwa inajaribu kuota nayo inaungua, na mguu wa kisukari hauna nyama ya kupoteza. Mkifika waambieni wazi mlikuta funza, msifiche, na muulize kuhusu sindano ya pepopunda kama mzee hakumbuki alichomwa lini. Na kwa faida ya wasomaji wengine: funza wakiwa puani, sikioni au kwenye jicho, hapo hamna kumwagia maji nyumbani, ni kukimbia hospitali.

Kuhusu mama, naomba umsomee hii sehemu. Nzi anafuata harufu, na kidonda chenye uozo kina harufu hata kama sisi tumeshaizoea na hatuisikii. Akitua kwenye bandeji iliyolowa anataga mayai mengi kwa muda mfupi sana, na kwenye joto mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja au pungufu, kwa hiyo bandeji iliyofungwa vizuri jana asubuhi ikalowa mchana inatosha kabisa kuleta mlichokiona. Na mzee mwenyewe hakusikia kitu kwa sababu kisukari kimeua hisia za miguu, ile ganzi ndo iliyomnyima taarifa. Nimeona funza kwenye vidonda vya watu wanaopendwa na kuhudumiwa na familia nzima. Hapo hamna kumtelekeza mtu. Kinachotakiwa ni bandeji ifunike kidonda chote, ibadilishwe kila inapolowa hata kama sio siku yake, gozi zilizotumika zichomwe au zitupwe zimefungwa, na mchana mzee akilala alale ndani ya neti.

Haya, sasa tuje kwa hao wa hospitali, wanafanyaje kazi.

Funza hana meno. Ana kulabu mbili ndogo mdomoni anazotumia kujishikiza na kujivuta, na chakula chake anakimeng'enya nje ya mwili, yani anatema mate yenye vimeng'enya juu ya nyama iliyooza, ile nyama inayeyuka inakuwa kama uji, ndo anaunyonya. Nyama hai vimeng'enya hivyo haviivunji kirahisi, kwa hiyo kinachoondoka ni kile kilichokufa, na hata pale ambapo mpaka kati ya kilichokufa na kilicho hai umepinda pinda kiasi kwamba daktari na kisu chake lazima akate kidogo cha kila upande, funza anaufuata vizuri. Wakati huo huo anameza bakteria na wengi wao wanafia tumboni mwake, na majimaji yake yana vitu vinavyopigana na bakteria, mojawapo walikitambua mwaka 2010 wakakiita lusifensini. Anatoa pia amonia inayobadilisha hali ya kidonda, bakteria wengi hawaipendi. Anavunja vile vile ule utando wa utelezi ambao bakteria wanajifunika nao kwenye vidonda vya muda mrefu, utando ambao antibayotiki zinapata shida kuupenya. Ila hapa niseme na upungufu wake, funza wana nguvu zaidi kwa bakteria wa kundi la stafilokokasi, hata wale sugu, na hawana nguvu sawa kwa Pseudomonas, yule anayeacha usaha wa kijani kijani. Kidonda kikiwa na huyo kwa wingi funza wenyewe wanaweza kufa.

Wanavyowekwa ni hivi. Mayai ya nzi yanaoshwa kwa dawa maabara yaue vijidudu vyote vya juu ya ganda, yanaanguliwa kwenye mazingira safi, na mabuu yanapimwa kuhakikisha hayana bakteria kabla hayajatoka kiwandani. Yanafika yakiwa madogo sana, milimita moja au mbili, ukiyaangalia haraka utadhani ni punje za unga zilizolowa. Kidonda kinasafishwa dawa zote za awali, jeli na ayodini zinatolewa kwa sababu zinawadhuru. Ngozi nzima ya pembeni inazungushiwa plasta maalum ya kuilinda, wanawekwa funza kama 5 mpaka 10 kwa kila sentimita moja ya mraba ya kidonda, juu yake kitambaa cha wavu laini kilichobanwa pembeni wasitoroke, juu ya hapo gozi ya kunyonya majimaji. Juu kabisa haizibwi na nailoni. Funza anapumua kwa mkia, huwa anazamisha kichwa kwenye kidonda na kuacha mkia juu kwenye hewa, ukimziba anakufa. Kuna na njia ya pili ambapo wanakuja wameshafungiwa kwenye kifuko cha kitambaa laini kama kifuko cha majani ya chai, kifuko ndo kinawekwa juu ya kidonda, mate yanapita na uozo ulioyeyuka unapita ila wao hawatoki.

Wanakaa siku mbili mpaka tatu. Siku ya kufungua, mtu asiyezoea naomba ajiandae, gozi ya juu inakuwa imelowa majimaji ya kahawia yenye wekundu, kuna harufu kali ya amonia inayopanda puani, na ukitoa ule wavu unawakuta wamenenepa, wamefika sentimita moja na ushee, wamejikusanya kwenye mashimo na kwenye kingo, mikia yote juu. Unawamwagia maji ya chumvi wanaachia, waliobaki unawafuta kwa gozi iliyolowa, wanaingia kwenye mfuko, mfuko ndani ya mfuko, vinakwenda kuchomwa. Chini yao pale palipokuwa na utando wa njano mzito na vipande vyeusi unakuta nyama nyekundu yenye vichembe chembe kama changarawe laini, inatoka damu kidogo ukiigusa. Huo wekundu ndo tunaoutafuta, ndo nyama mpya inayoota. Kama uozo haujaisha wote anawekewa kundi jipya, wengine wanahitaji awamu moja wengine kadhaa.

Na swali watu wanaloogopa kuuliza, hapana, hawawezi kuzaliana ndani ya mguu. Funza ni mtoto, hatagi. Ili awe nzi lazima atoke kwenye kidonda aende mahali pakavu ajigeuze, na anatolewa kabla ya hapo.

Hii tiba sio ya juzi. Baron Larrey, daktari mkuu wa upasuaji wa jeshi la Napoleon, kwenye vita ya Misri na Syria kati ya 1798 na 1801 aliona majeruhi wake wanajaa funza, askari wakawa wanaogopa sana, na yeye akaandika kwamba wadudu wale waligusa kile kilichooza tu na vidonda vilienda kufunga haraka, ikabidi awatulize askari waone matokeo wenyewe. Kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani, daktari John Zacharias akaenda mbele zaidi, yeye akawaweka makusudi. Lakini mtu aliyeifanya iwe tiba kamili ni William Baer. Mwaka 1917 akiwa Ufaransa kwenye vita ya kwanza ya dunia waliletwa askari wawili waliokaa siku saba uwanjani bila chakula wala maji, wamevunjika mapaja mfupa umetoka nje na wana majeraha makubwa tumboni. Kipindi kile wengi wenye jeraha la namna ile walikufa hata wakiwahi hospitali. Hawa wawili hawakuwa na homa. Alipowavua nguo akakuta maelfu ya funza, akawaosha kwa kinyaa, na chini yao akakuta nyama nyekundu nzuri kabisa.

Baer alikaa na lile jambo miaka kama kumi, mwishoni mwa miaka ya 1920 akiwa chuo kikuu cha Johns Hopkins kule Baltimore, Marekani, akaanza kuwatibu watoto wenye maambukizi ya mifupa yasiyopona. Wakapona. Ila funza wake wa mwanzo hawakuwa wamesafishwa, na baadhi ya wagonjwa wakapata pepopunda. Hapo ndo akaingia maabara kutafuta namna ya kusafisha mayai. Unaona kwanini nimekwambia hao wa mzee watolewe? Daktari bingwa, hospitali kubwa, nzi aliowafuga mwenyewe, na bado uchafu wa nzi ulipita. Kwa hiyo na lile wazo ambalo watu huwa wananiandikia kila mara, kwamba watege nzi kwenye nyama wapate funza wawaweke wenyewe, tafadhali sana mtu asifanye. Kuosha funza kwa maji na sabuni hakumfanyi awe safi, vijidudu viko mpaka ndani ya utumbo wake, ndo maana kazi inaanzia kwenye yai.

Miaka ya 1930 hospitali zaidi ya 300 za Marekani zilikuwa zinatumia funza, kampuni ya dawa ya Lederle ilikuwa inauza 1000 kwa dola 5. Ikaja penisilini miaka ya 1940, upasuaji ukaboreka, na funza wakasahaulika kwa sababu hamna anayetaka funza wakati kuna kidonge. Wamerudishwa kwa sababu ya bakteria sugu na vidonda vya kisukari ambavyo vidonge havivimalizi, Ronald Sherman kule California akaanza kuwafanyia utafiti upya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, Wales nako wakafungua maabara ya kuwazalisha, na mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaruhusu wauzwe kama kifaa cha tiba kwa cheti cha daktari, na mwaka huo huo Uingereza nao wakaruhusu madaktari wa kawaida wawaandike. Vidonda vya miguu vya kisukari viko kwenye orodha ya matumizi yaliyoruhusiwa, pamoja na vidonda vya kulala sana kitandani na vile vya mishipa ya miguuni.

Sasa hapa ndo naomba usome polepole, maana ndo penye jibu la baba.

Mwaka 2009 jarida la kitabibu la BMJ lilitoa utafiti mkubwa wa Uingereza, unaitwa VenUS II, wagonjwa 267 wenye vidonda vya miguu vyenye uozo, wengine wakawekewa funza huru, wengine funza wa kwenye kifuko, wengine jeli ya kawaida ya kulainisha uozo. Kwa kipimo cha wastani wa katikati, kidonda kuwa safi kilichukua siku 14 kwa funza huru, 28 kwa wa kwenye kifuko, na 72 kwa jeli. Tofauti kubwa sana hiyo, hamna anayebisha. Lakini walipohesabu siku za kidonda kupona mpaka kufunga kabisa, walikuta 236 kwa funza na 245 kwa jeli, yani hamna tofauti ya maana. Na wa funza waliumia zaidi.

Kuna watu wakisoma hapo wanasema basi funza hawana maana. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu funza hajawahi kuahidi kufunga kidonda. Kazi yake ni kufagia. Kidonda kikishakuwa safi kinapona au hakiponi kutegemea damu inafika, sukari ikoje, na kama mtu bado anakanyagia pale pale. Vidonda vya ule utafiti vilikuwa vya mishipa ya damu, chanzo chake kilikuwa bado kipo, ukifagia mara ngapi chanzo kinarudisha. Kwa hiyo mtu akikuuzia funza kama dawa ya kuponya kisukari cha mguu anakudanganya, na mtu akikwambia hawana kazi yoyote naye anakudanganya, manake kuna mgonjwa ambaye hawezi kuvumilia operesheni, moyo hauwezi ganzi ya kulala, uozo umejaa, na kila siku uozo ukikaa maambukizi yanaelekea kwenye mfupa. Mgonjwa huyo akisafishwa ndani ya wiki moja mbili ni jambo kubwa mno, na nimeona miguu iliyokuwa imeshapangiwa kukatwa ikabaki kwa sababu mtu alipata muda.

Kwa mzee sasa. Jambo la kwanza kabisa kabla hata ya kutaja funza ni damu inafika mguuni au haifiki. Wamshike mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo, wampime kwa dopla, yani kifaa cha kusikiliza damu ikipita kwenye mshipa, walinganishe presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Uwiano ukiwa chini ya 0.9 mishipa imeziba kiasi. Ila kwa mwenye kisukari cha siku nyingi hiki kipimo kinaweza kudanganya kikaonyesha namba nzuri au kubwa kupita kawaida kwa sababu mishipa imekuwa migumu haibonyei, kwa hiyo ikitoka hivyo waulizeni kama wanaweza kupima presha ya kidole cha mguu. Damu isipofika, funza hawatasaidia, na kama kuna kidole kimekauka kimekuwa cheusi kigumu hakitoi maji, hicho hakilowanishwi wala hakiwekewi funza kabla mishipa haijaangaliwa, maana kikavu kimetulia na ukikilowesha unaamsha maambukizi. Hapo anatakiwa daktari wa mishipa, kuna wengine inazibuliwa na kidonda kinaanza kupona bila ajabu nyingine yoyote.

La pili mfupa. Kidonda cha unyayoni karibu na dole gumba kilichokaa miezi, mfupa uko karibu sana hapo. Daktari anaingiza kifimbo cha chuma chenye ncha butu, kikigonga kitu kigumu chini ni dalili kubwa mfupa umeshaambukizwa, wanapiga na eksirei. Funza hawali mfupa. Hata Baer mwenyewe alikuwa anawafanyia watoto wale operesheni kwanza anatoa mfupa uliokufa, ndo anaweka funza kumalizia.

La tatu ni kukanyaga, na hili ndo familia nyingi zinalichukulia poa. Kwa sababu mzee hasikii maumivu anatembelea kidonda chake siku nzima, kila hatua inaponda nyama iliyoota usiku. Anatakiwa kiatu maalum au plasta ngumu inayohamisha uzito, au magongo, au kiti. Nikikwambia hili ndo linalofunga vidonda vingi vya unyayo kuliko dawa yoyote ya kupaka sikuongezei chumvi. Na hata akiwekewa funza ni hivyo hivyo, akiwakanyaga wanapondeka wote, na mguu hautumbukizwi kwenye maji wakiwa ndani maana wanazama.

Na sukari yenyewe, lakini hiyo najua mmeshaimbiwa. Kama anavuta sigara aache, mishipa ya miguu haiwezi kuvumilia vyote viwili.

Kuna watu hawawekewi kabisa, nitaje upesi: mwenye kidonda kilicho karibu na mshipa mkubwa wa damu au kinachoingia tumboni au kifuani, anayetokwa damu kirahisi au anayekunywa dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini isipokuwa chini ya uangalizi wa karibu, mwenye mzio na mabuu au vitu vinavyotumika kuwalisha, na mwenye maambukizi yanayokimbia, yani mguu unavimba saa kwa saa, ngozi inatoa sauti ya kukwaruza ukiibonyeza kwa sababu kuna gesi chini. Huyo wa mwisho ni tiata moja kwa moja, akisubiri funza atakufa.

Umeuliza kama wanauma. Mwenye ganzi ya kisukari mara nyingi anasikia kutekenywa tu au hasikii kitu. Mwenye kidonda cha mishipa au mguu usio na damu ya kutosha anaweza kuumia haswa, hasa siku ya pili wakishanenepa, huyo anapewa dawa za maumivu mapema, anawekewa wa kwenye kifuko, na akishindwa wanatolewa muda huo huo, hamna mtu analazimishwa. Ngozi ya pembeni inaweza kuungua na yale majimaji kama haikulindwa. Damu kidogo ni kawaida, damu nyekundu inayolowesha bandeji sio kawaida, wafungue. Antibayotiki alizoandikiwa anaendelea nazo, hazipingani na funza. Kinyaa nacho kipo, ila nilichoona kwa wagonjwa ni kwamba ndugu wanaogopa kuliko mgonjwa mwenyewe, mtu aliyekaa na harufu ya mguu wake miezi huwa anakubali haraka sana.

Kwa hiyo kesho mkifika usianze na "nataka funza". Sehemu nyingi hawapo, na hiyo isikuvunje moyo kwa sababu kusafisha kidonda kuna njia nyingi, kisu mikononi mwa mtu anayejua vidonda kinafanya kazi nzuri tena dakika chache, na mguu wenye ganzi mara nyingi hauhitaji hata sindano. Uliza hivi: damu inafika? Mfupa ni mzima au umeshaambukizwa? Uozo utatolewaje, na nani, na atarudi lini kuangaliwa? Atavaa nini mguuni ili asikanyagie kidonda? Beba dawa zake zote hata zile za kienyeji, na vipimo vya sukari vya wiki hizi kama mliandika. Wakikwambia moja kwa moja kidole au mguu ukatwe, uliza kama mishipa imepimwa kwanza na kama unaweza kupewa rufaa kwa daktari wa mishipa kabla, ni haki yako kuuliza hivyo na daktari mzuri hatachukia. Ila wakikwambia maambukizi yanakimbia na ni lazima usiku huo, saini.